"Winning" Si Jina la Gemu

Ukiingia kibanda cha gemu pale Kondele, Kisumu, ukaomba "Winning", utapewa pedi na hakuna atakayekuuliza ni Winning ipi. Mwenye kibanda anajua, mpinzani wako anajua, na benchi zima nyuma yako linajua. Neno hilo linatosha kabisa mahali penye runinga moja na PlayStation 2 (PS2) moja. Likiandikwa kwenye hifadhidata inayojazwa na watu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru, ambao wengi hawajawahi kuonana ana kwa ana, linaharibia kila mtu kazi.

Orodha yetu ya pamoja ya gemu za zamani imefika hapo. Kila mmoja anaingiza alicho nacho: diski za nyumbani, za kibanda kilichofungwa, kaseti zilizobaki kwenye sanduku la mjomba. Gemu moja ya mpira sasa ina maingizo matano, yaani "Winning", "winning 11", "W.E. 10", "PES 6" na "Pro Evolution 2007". Sasa limetolewa pendekezo kwamba tupige kura, jina lenye kura nyingi libaki na mengine yafutwe. Mimi napinga. Jina la gemu halipigiwi kura, linasomwa kwenye diski.

Tuichukue hiyo Winning yenyewe, maana ndiyo iliyozua kesi. Kule Japani, kampuni ya Konami waliiuza kwa jina la World Soccer Winning Eleven. Mwaka 2001, Winning Eleven 5 ilipopelekwa Ulaya ilibatizwa Pro Evolution Soccer (kwa kifupi PES), bila nambari. Winning Eleven 6 ikawa PES 2, ya 7 ikawa PES 3, na pengo hilo la nambari nne likaendelea hadi 2006, pale Winning Eleven 10 ya Japani ilipokuwa PES 6 ya Ulaya. Wamarekani wao waliuziwa majina yote mawili kwa mkupuo: Winning Eleven: Pro Evolution Soccer 2007. Baada ya hapo nambari ziliachwa, zikafuata za miaka kuanzia PES 2008, na mwaka 2021 jina zima likatupwa, ikawa eFootball.

Kwa hiyo mtu wa Migosi, Kisumu, akisema ana Winning 10, na mwenzake wa Bondeni kule Nakuru akasema ana PES 6, wanacheza gemu moja lakini hawana diski moja. Menyu ya mmoja ni ya Kijapani. Mtangazaji si yuleyule. Mtu anayetaka kukopa au kununua anahitaji kujua hilo kabla hajapanda matatu, si baada ya kufika.

Na hapa kwetu tumezoea majina ya bandia kiasi kwamba hatuyaoni tena. Kwenye PES 6, Liverpool ni Merseyside Red na Chelsea ni London FC, kwa sababu Konami hawakuwa na leseni ya kutumia majina yao. Katika matoleo ya zamani zaidi Roberto Carlos alikuwa Roberto Larcos. Hakuna kijana wa Manyatta aliyehitaji kuelezwa. Lakini nimeona mtu kwenye orodha "akisahihisha" maelezo ya timu, anafuta Merseyside Red na kuweka Liverpool. Huo si usahihishaji. Anayetafuta toleo lisilo na leseni, ili alitofautishe na lile ambalo mtu alilibadilisha baadaye, umemfichia ushahidi pekee uliokuwapo.

Msimamo wangu, basi, ni huu: kitambulisho cha kila ingizo kiwe msimbo, na kisanduku cha jina kibebe kilichochapishwa kwenye diski, herufi kwa herufi. Diski ya PS2 iliyotoka kiwandani ina msimbo wake. Za Ulaya huanza na SLES, au SCES zikiwa za Sony wenyewe. Za Marekani ni SLUS na SCUS. Za Japani mara nyingi ni SLPM au SLPS. Kisha zinafuata tarakimu tano. Grand Theft Auto (GTA): San Andreas ya Marekani ni SLUS-20946, ya Ulaya ni SLES-52541. Hapo hakuna la kubishania, na huhitaji kujua Kijapani ili uunakili.

Kuna wanaoona habari za eneo gemu ilikouzwa kuwa madoido ya watu wenye muda mwingi. Waulize waliokuwa na runinga za zamani zilizojua PAL peke yake, mfumo wa picha uliotumika Kenya. Ukiweka gemu ya Marekani au ya Japani, picha inatoka nyeusi na nyeupe, au inapanda na kushuka bila kutulia. Tena gemu nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa runinga za hertzi 60 (picha hubadilika mara 60 kwa sekunde) zilipoletwa kwenye hertzi 50 za PAL bila kurekebishwa, zilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17. Muziki pia. Mtu aliyekulia na toleo moja akisikia lingine anadhani mashine imechoka.

Sasa, najua jibu ambalo tayari mnaliandika: "Bro, CD zetu ni za kuchoma." Ni kweli, na mimi nataka ziingie zote. Gemu nyingi hazikutufikia huku Magharibi mwa Kenya ndani ya makasha yenye kijitabu. Zilifika kwenye mifuko ya plastiki, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na PS2 ilikuwa na chipu iliyowekwa na fundi ili ikubali nakala. Baadhi ya wakusanyaji wetu wenye makasha halisi wanaona haya kuweka CD hizo karibu na zao. Miradi mikubwa kama Redump inahifadhi kumbukumbu za diski za kiwandani, na hiyo ndiyo kazi waliyojipa, siwalaumu. Lakini ina maana kwamba CD iliyochezwa Kibuye kwa miaka isipoandikwa na sisi, haitaandikwa.

Na hata CD hiyo haikosi kitambulisho. Iweke kwenye kompyuta, tafuta faili inayoitwa SYSTEM.CNF, ifungue kama maandishi ya kawaida. Kuna mstari unaoanza na BOOT2, na mwishoni mwake utaona kitu kama SLES_525.41. Huo ndio msimbo wa San Andreas ya Ulaya, umeandikwa tu kwa mpangilio mwingine. Mchomaji anaweza kubandika picha yoyote juu ya mfuko, ila bila mstari huo PS2 haijui ianzie wapi. Kinachobaki ni kuweka alama kwamba nakala ni ya kuchoma, na kupiga picha ya mwandiko uliopo juu.

Msimbo nao una mipaka yake. Julai 2005, baada ya tukio la mapenzi lililofichwa ndani ya San Andreas kugunduliwa, daraja lake la umri Marekani lilipandishwa kutoka M (miaka 17 na zaidi) hadi AO (watu wazima pekee), na diski iliyosafishwa ikatolewa kwa jina lilelile. Gemu moja, jina moja, yaliyomo tofauti. Ndiyo maana pawe na kisanduku cha namba ya toleo, hata kama mara nyingi kitabaki kitupu.

Kesi ngumu kuliko zote ni zile CD zilizobadilishwa na mashabiki. Wabrazili wana Bomba Patch yao maarufu, ambayo ni Winning ya PS2 iliyovalishwa timu na wachezaji wapya mwaka baada ya mwaka. Hapa kwetu pia zimepita CD za namna hiyo, juu zimeandikwa mwaka mpya, ndani msimbo ni wa 2006. Ukifuata msimbo peke yake, unaiita Winning Eleven 10 na kufuta kazi ya mtu aliyekesha akipanga vikosi. Ukifuata mwandiko peke yake, unaunda gemu ambayo Konami hawakuitengeneza. Ninachopendekeza ni liwe ingizo lake lenyewe, jina lake ni kama lilivyoandikwa kwenye CD, na kisanduku kingine kiseme imejengwa juu ya gemu ipi. Mtu akiwa na njia bora zaidi aseme, nitamsikiliza.

Kuna pia kambi ya "tutumie majina ya Marekani, ndiyo yanayojulikana." Kambi hii haijakutana na Final Fantasy. Ile iliyouzwa Marekani kama Final Fantasy II mwaka 1991 ilikuwa ya IV kule Japani, na ya III ya 1994 ilikuwa ya VI. Ilipofika VII mwaka 1997 nambari zikaoanishwa, na Mmarekani akajikuta ameruka kutoka III hadi VII. Wala si majina tu yanayobadilika njiani. Contra ilipokuwa ikiuzwa kwa mashine za Nintendo barani Ulaya iliitwa Probotector, na wanajeshi wake wakageuzwa roboti. Sisi tuliocheza Contra kwa kaseti za tivii gemu tulikuwa na binadamu. Ukiyafunga hayo mawili kwenye ingizo moja kwa jina la Marekani, umemwambia mtu ana kitu ambacho hana.

Wakutubi walishalifikiria jambo hili kabla yetu. Mwaka 1998 shirikisho lao la kimataifa, IFLA, lilitoa mfumo unaotenganisha kazi yenyewe, namna ilivyoelezwa, toleo lililochapishwa, na nakala moja iliyo mkononi mwa mtu. Discogs, inayoorodhesha muziki tangu 2000, hufanya jambo la karibu na hilo: ukurasa mmoja mama wa albamu, na chini yake kila toleo lililowahi kutoka. Sisi ngazi tatu zinatutosha, yaani gemu, toleo na nakala. Gemu ni ile Winning ya 2006. Toleo ni SLES fulani au SLPM fulani. Nakala ni ile ya Migosi yenye mkwaruzo.

Hofu ya wanaotaka kura naielewa: jina la kitaani litapotea, na mtoto wa Nyalenda akitafuta hataona kitu. Dawa yake ni kisanduku cha "Inajulikana pia kama". Tieni humo kila kitu: Winning, Winning Eleven bila nambari, "ile ya CJ" (mhusika mkuu) kwa San Andreas, na makosa ya tahajia ambayo watu huyaandika kweli. Utafutaji uyasome yote. Halafu mtu akiandika "Winning" apate matoleo yote, achague lake. Hicho ndicho kibanda hakikuweza kumpa.

Mambo mengine ni madogo na nitayapita haraka. "The" ibaki mbele kama ilivyo kwenye diski. No-Intro, mradi mwingine wa kuorodhesha gemu, huiweka nyuma, "Legend of Zelda, The", na waandaaji wake wana sababu zao za kupanga faili. Sisi tuna kisanduku cha kutafutia. FIFA zipangwe kwa mwaka wa kutolewa, si kwa alfabeti, la sivyo FIFA 06 itakaa mbele ya FIFA 98. EA Sports FC 24 ya 2023 iitwe hivyo hivyo, hata kama kibandani bado ni FIFA. Kaseti za "9999", zile zinazodai kuwa na gemu 9999, ziwe ingizo moja kwa jina la lebo, kwa sababu gemu ndani ni chache zinazorudiwa, na wakati mwingine zimepewa majina ya kubuni kila zinaporudi. Herufi kubwa, sina maoni.

Lakini kanuni zozote zitakazopita ziandikwe mahali pamoja panaposomeka, na mabadiliko ya jina yapite kwa mtu wa pili kabla ya kuonekana. MobyGames, hifadhidata ya gemu mtandaoni iliyoanza 1999, huwa na watu wanaokagua michango kabla haijaingia. Inachelewesha, ndiyo. Hata hivyo, kuna mwenzetu mmoja ambaye hubadilisha majina usiku wa manane na kuyaandika yote kwa herufi kubwa, na asubuhi mwingine anayarudisha. Hao wawili wana ujuzi wa gemu kuliko sisi wengine wote, na nguvu yao inaishia kwenye kitufe cha kurudisha.

Linalobaki ni gemu za nyumbani, na hapa msimbo hautusaidii kabisa. The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, ya 2007, haina SLES. Nairobi X ya 2015, ya Black Division Games, haina. Ma3Racer ya simu nayo haina, na watu huiandika kwa namna tofauti, wengine kwa tarakimu, wengine wakiitanua kuwa Matatu Racer. Gemu ya simu ikiondolewa kwenye duka la programu, hakuna kasha litakalookotwa sokoni siku moja. Aliye na simu ya zamani yenye mojawapo bado ikiwaka, tafadhali aiwashe, apige picha ya skrini ya kwanza na ile yenye namba ya toleo, aandike na aina ya simu. Jina tutalichukua hapo kwenye skrini, kama lilivyo, pamoja na hiyo 3.