Meniska si kinyama cha kukata na kutupa

Kocha mmoja wa ndondo mtaani kwetu amenikera sana wiki hii. Winga wake, kijana wa miaka 19, aligeuka ghafla njumu zikiwa zimenasa ardhini, goti likalia. Sasa limevimba, halinyooki hadi mwisho, na akishuka ngazi linakwama. Picha ya MRI imeonyesha meniska, gegedu lililo kati ya mifupa ya goti, imechanika. Kocha kamwambia mama mtu: "Mama, hicho ni kinyama tu, kikitolewa mwezi ujao anacheza." Na mama ameshaanza kuchangisha hela za kukitoa.

Si kinyama na hakijaota. Kila goti tumezaliwa na meniska mbili, na ndizo zinazosaidia kubeba mwili wetu.

Mfupa wa paja unaishia na vichwa viwili vya mviringo, na sehemu ya juu ya muundi iko karibu bapa. Mviringo ukikaa juu ya bapa, hugusana padogo tu, na uzito wote unatua hapo. Meniska hujaza pale pembeni palipo wazi: ni gegedu lenye umbo la mwezi mchanga, nene kwa nje, jembamba kwa ndani. Ni kama ngata ya mama anayebeba ndoo: inakaa kati ya kichwa cha mviringo na kitako bapa cha ndoo, uzito ukatandazwa. Lakini ngata inafanya kazi kwa sababu imezungushwa ikafungwa. Ikate mahali pamoja, itafunguka na kusambaa chini ya ndoo.

Meniska nayo ni hivyo. Nyuzi zake zimezunguka kufuata umbo lake, na ncha zake zimeshikwa kwenye mfupa, mbele na nyuma. Ukikanyaga, uzito unataka kuisukuma nje. Nyuzi zinakaza na kuizuia. Ndiyo maana ncha ya nyuma iking'oka, goti linateseka karibu sawa na lililoondolewa meniska nzima, hata kama meniska yenyewe bado imo yote. Mguu ukinyooka, meniska hupitisha karibu nusu ya mzigo wa goti. Likunje goti hadi digrii 90, inafika kama asilimia 85. Hapo ndipo tunapoishi sisi: choo cha kuchuchumaa, kupanda daladala, kuinuka kutoka sijida. Iondoe yote, na shinikizo kwenye gegedu laini la mifupa linaweza kupanda mara mbili hadi tatu. Gegedu hilo halina mishipa ya damu, likilika, halirudi.

Haya si mapya. Mwaka 1948 daktari Mwingereza Fairbank alionyesha kwenye eksirei jinsi nafasi kati ya mifupa ya magoti yaliyotolewa meniska inavyopungua na mfupa wa paja kubonyea. Na Thomas Annandale alishaishona meniska ya mchimba madini huko Edinburgh mwaka 1883!

Nakubali, si kila meniska inashoneka. Damu hufika ukingo wa nje tu, kama robo hadi theluthi ya upana wake, na ikichanika kwa ndani mara nyingi haiungi. Kipande kikiziba goti lisinyooke, lazima daktari aingie, na pengine apunguze kidogo. Sawa. Lakini kupunguza kipande kilichoharibika si kutoa yote, na kijana wa miaka 19 anastahili kwanza kuulizwa kama yake inashoneka. Kinachowafanya makocha wapende kukata ni muda: aliyekatwa hurudi baada ya wiki chache, aliyeshonwa hukaa nje miezi mingi, mara nyingi sita. Miezi sita kwa goti litakalombeba miaka 50!

Watu wa makamo wenye meniska iliyochakaa ni habari nyingine. Utafiti wa Finland wa mwaka 2013 haukuona kuikata kukiwasaidia kuliko upasuaji wa kuigiza, ambamo meniska haikukatwa. Na wakandaji, tafadhali, goti lililokwama msilinyooshe kwa nguvu.

Mama, ukifika kliniki muulize daktari wa mifupa: imechanika upande wa nje wenye damu au wa ndani? Ncha zake bado zimeshika? Inashoneka? Kama haishoneki, utaacha kiasi gani? Ni haki yako kujibiwa kwa lugha unayoielewa, na kabla ya majibu hayo usisaini fomu yoyote.