Keekee, Madigadi na Tairi Lisilo na Hatia

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha sita na haikuwa na neno hata moja. Kwa mwanaume aliyekwisha kumtangazia mkewe kwamba "hii ni kazi ya nusu saa tu", picha sita ni nyingi mno. Niliitupia jicho mara moja, kisha nikaikalia ili nisichafue suruali.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga madigadi za mpira, zile zinazoning'inia nyuma ya matairi kuzuia matope na kokoto zisirukie bodi. Zilikuwa nne ndani ya boksi, na kifuko cha skrubu na pini za plastiki. Kila moja ilikuwa na herufi mgongoni, L au R. Nikadhani ni saizi. L niliielewa, kama ya mashati. R ilinisumbua kidogo, nikaamua ni kosa la kiwandani.

Za mbele zilinitia kiburi. Unakata usukani mpaka mwisho, tairi linageuka, mkono unapata pa kupita. Skrubu za kiwandani zipo pale pale kwenye ukingo. Unazifungua, unapachika madigadi, unazirudisha kwenye matundu yake. Robo saa, mbili zimekwisha. Nikaanza kupiga mluzi.

Jirani yangu, mzee aliyezeeka na magari, akachungulia juu ya ukuta na mswaki mdomoni.

"Kijana, gari lako limeota masikio?"

Nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama. Kweli. Ya kulia nilikuwa nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia, na mikunjo yake yote imetazama nje kama masikio ya tembo aliyekasirika. Hapo ndipo nilipoielewa R.

"Nilikuwa napimisha kwanza, mzee," nikamjibu. Akaendelea kupiga mswaki, taratibu, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

Nilipozibadilisha nikahamia nyuma, na nyuma ndiko kwenye hadithi. Tairi la nyuma halina usukani, limekaa lilivyokaa. Kati yake na bampa mkono wangu uliingia vizuri, ila mkono ulioshika keekee haukuingia. Na huku hakukuwa na skrubu za kiwandani, ilibidi kutoboa. Mtu mwenye akili angelegeza nati, angepiga jeki, angevua tairi, kisha angefanya kazi yake kwa nafasi. Picha ya nne ilionyesha hivyo hivyo, lakini nilikuwa nimeikalia.

Mimi nikaona njia ya mkato: kama haiwezekani kutoboa kutokea upande wa tairi, tutoboe kutokea nyuma kuelekea tairi. Nikatandika boksi, nikalala chali. Tundu la kuanzia lilitakiwa liwe dogo, la milimita 3 hivi, ila keekee tayari ilikuwa imefungwa ncha ya milimita 6 na sikuona sababu ya kuisumbua.

Plastiki ya bampa ina hila. Inagoma, inagoma, unaiongezea nguvu, inagoma, halafu inakubali ghafla bila kukuaga. Keekee ikazama hadi shingoni, na kidole changu bado kimebana kitufe. Mngurumo ukabadilika, ukawa mzito, kama kitu kinatafunwa. Nikaichomoa.

Psssssss.

"Baba watoto!" mke wangu akaita dirishani. "Ni nyoka?"

"Hapana!" nikapiga kelele kutoka chini. Moyoni natamani angekuwa nyoka.

Nikaziba tundu kwa kidole. Sijui nilitegemea nini. Hakuna mpango mzuri duniani unaoanzia na kidole ndani ya tairi. Nikalala hivyo nikiwaza, upepo unanipulizia kucha, gari linanishukia polepole.

"Utakaa hapo mpaka lini?" mzee akauliza.

Tundu lilikuwa ubavuni. Pancha ya usoni mwa tairi fundi huiziba ukaendelea na safari. Ya ubavuni fundi mwaminifu haigusi, maana ubavu unajikunja kila tairi linapozunguka na kiraka hakitakaa. Tairi lilikuwa zima kabisa asubuhi ile, halijamkosea mtu.

Basi nikalegeza nati, nikapiga jeki, nikavua tairi. Na mbele yangu pakafunguka uwanja! Keekee inaingia, mkono unaingia, hata kichwa kinaingia. Madigadi iliyonitoa jasho asubuhi nzima nikaifunga kwa dakika kumi. Nikamtazama mzee. Mzee akanitazama. Afadhali angecheka.

Spea nayo niliikuta na upepo wa kubembeleza, nikaipiga pampu ya mguu mpaka paja likatetemeka. Tairi la upande wa pili nililivua kwanza kabla hata ya kuigusa keekee. Karatasi nikaipigapiga vumbi, nikaitandaza mbele yangu, nikaifuata picha kwa picha kama mwanafunzi anayerudia darasa.

Jua linazama, mke wangu akatoka kukagua. Akazunguka gari, akainama, akazigusa moja moja. Zilikuwa zimekaa sawasawa, sina haja ya kujisifu.

"Zimependeza," akasema. "Hasa hasa kazi yake nini?"

"Kulilinda gari."

Akaligeukia tairi lililoegemezwa ukutani. Akatazama tundu lake, akatazama keekee miguuni pangu.

"Dhidi ya nani?"