Alama za uwezo wa mzee zinaaminika kwa kiasi gani?

Katika makao ya kulelea wazee, alama za uwezo wa kujihudumia huamua mengi: mzee asaidiwe na wahudumu wangapi, apelekwe mazoezi ya viungo au asipelekwe, na, pale ambapo malipo hufuata kiwango cha utegemezi, makao yalipwe kiasi gani. Vipimo vyenyewe ni vya siku nyingi. Kile cha Katz, kilichochapishwa mwaka 1963, hutazama mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja na kula. Kile cha Barthel, cha mwaka 1965, kina vipengele 10 na jumla ya alama 100, na alama zikiwa nyingi mzee hujitegemea zaidi.

Wanaovitetea wana hoja nzito. Bila kipimo, muuguzi mmoja ataandika "amedhoofika", mwingine "hajambo", na anayepokea zamu hatajua mzee alikuwaje mwezi uliopita. Wapimaji waliofundishwa pamoja, wakafuata maelezo yaleyale, mara nyingi hukaribiana katika alama wanazotoa.

Kwa maoni yangu, utata huanzia kwenye swali linaloulizwa. Tuchukue kuvaa. Saa 12 asubuhi, mhudumu mwenye wazee 8 wa kuogesha humfungia bibi vifungo vya sweta kwa sababu hana muda wa kungoja. Mchana mtaalamu wa tiba ya viungo huketi mbele ya bibi huyohuyo, akasubiri, na bibi, vidole vikitetemeka, akavifunga vyote mwenyewe. Mhudumu ataandika kwamba anahitaji msaada, mtaalamu ataandika kwamba anajitegemea, na wote wawili watakuwa wamesema kweli, kwa kuwa mmoja amepima anachokifanya na mwingine anachokiweza. Anayeihesabu tofauti hiyo kuwa kosa la upimaji anaipoteza habari yenye thamani kuliko alama yenyewe, maana inafichua uwezo unaofifishwa na haraka ya kila siku.

Zipo tofauti nyingine zisizo na faida yoyote. Mzee mwenye maradhi ya kusahau anaweza kuwa mchangamfu asubuhi na kuchanganyikiwa jioni, na fomu iliyojazwa kwa kunakili ya mwezi uliotangulia haitaonyesha hali hata moja kati ya hizo. Utegemezi unapoleta malipo zaidi, kishawishi cha kushusha alama humfikia hata mpimaji mwaminifu. Tena katika kipimo cha Barthel, kushuka kutoka 60 hadi 55 ni hatua moja ya kipengele kimoja, na huenda kilichobadilika ni mpimaji, si mzee; ilhali wazee wawili wenye 60 kila mmoja wanaweza kuhitaji misaada isiyofanana kabisa.

Nisingevitupa vipimo hivi. Ningetaka pembeni mwa kila alama paandikwe saa ya kupima, jina la mpimaji, na kama aliona kwa macho yake au aliambiwa. Na alama za bibi yule zikiporomoka, apimwe upya siku nyingine na mtu mwingine, aachiwe muda wa kufunga vifungo vyake, ndipo huduma yake ibadilishwe.