Miezi Kumi na Saba ya Pantoni kwa Saa Tatu za Yoti

Mimi ni mtu wa Kigamboni, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikivuka bahari mara mbili kwa siku, asubuhi kwenda kwenye stoo ninayoisimamia Kariakoo na jioni kurudi kwangu, kwa nauli ambayo sasa ni shilingi 200 kila ninapovuka. Sijawahi kuiita safari ya baharini. Ninaiita pantoni, ninasimama katikati ya pikipiki na ndoo za samaki, ninakanyagwa, ninakanyaga, na baada ya dakika chache ninashuka ng'ambo bila mtu yeyote kunipiga picha. Kwa hiyo mtauelewa mshangao wangu pale mke wangu alipoingia ndani jioni moja ya mwezi Juni, akakaa kitandani badala ya kuendelea na shughuli zake, akaniambia kwa sauti ile anayoitumia akiwa ameshakubali jambo kwa niaba yetu sote wawili: "Baba Watoto, mwezi ujao tunakwenda baharini."

Nilimuuliza ni wapi ambako nimekuwa nikienda siku zote hizi.

Kumbe bahari ziko mbili. Kuna bahari ya pantoni, na kuna bahari ya yoti. Kikoba cha mke wangu na wenzake, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kilikuwa kinatimiza miaka kumi, na badala ya kula pilau ukumbini kama vikoba vya watu wengine, wanachama kumi walikuwa wameamua kukodi boti binafsi ya kifahari, wao na waume zao, kwa muda wa saa tatu, kutoka Msasani hadi mlango wa bandari na kurudi, ili walitazame jiji la Dar es Salaam wakiwa majini. Mchango ulikuwa Sh 180,000 kwa kila familia. Mimi ni mtu wa stoo, na mtu wa stoo akitajiwa kiasi hawezi kukiacha kipite bila kukihesabu: laki moja na themanini ni kuvuka kwa pantoni mara 900, yaani siku 450 za kwenda na kurudi, yaani, Jumapili nikiwa nimepumzika, mwaka mmoja na miezi mitano. Nilimweleza mke wangu hesabu hiyo kwa utulivu, nikiwa nimeiandika nyuma ya bahasha. Aliisoma yote, akaigeuza bahasha, akaandika upande wa pili kipimo cha kiuno changu, kwa sababu sare ya siku hiyo ilikuwa nyeupe na suruali yangu nyeupe ya mwisho niliivaa nikiwa bwana harusi.

Jambo jingine lililonikera ni mwezi wenyewe. Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba Julai ni mwezi wa kusi, upepo ambao haujali kikoba wala maadhimisho, na kwamba wavuvi wenye akili hungojea tanga mbili, pepo zinapopokezana zamu na bahari kulala kama uji uliopoa. Mwenyekiti wa kikoba alinijibu kwamba Julai kuna punguzo la bei. Nilipotaka kujua kwa nini mwenye boti anapunguza bei Julai, niliambiwa kwamba ninapenda sana kuuliza maswali.

Siku ilipofika, asubuhi kabla sijamaliza chai, alibisha hodi jirani yetu mkaanga samaki, mama mwenye kibanda chake pale Feri, ambaye ndiye mweka hazina wa mchango wa mfereji wa mtaa. Alikuwa anadai elfu kumi yangu. Nilikuwa na haki kabisa ya kumwambia kwamba sina, kwa sababu kweli sikuwa nayo; fedha yote ilikuwa imetangulia baharini. Kosa langu lilikuwa kuongeza maelezo. Nilimwambia kwamba hali yangu ni ngumu, mwili nao hauko sawa, na kwamba siku hiyo nitashinda nimelala. Alinipa pole, akasema mfereji utangoja, afya kwanza, shemeji.

Saa kumi kasoro tulikuwa gatini Msasani, watu ishirini tuliovaa nyeupe kama wanafunzi wa chuo cha uuguzi. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, kwa kuwa ilikuwa bamvua. Kijana wa boti, mwenye adabu nyingi, alitupokea kwa shikamoo kisha akatuomba tuvue viatu na kuvitia kwenye kapu, kwa maelezo kwamba sitaha ni ya mbao laini na haitaki visigino. Hakuna aliyenionya. Soksi yangu ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba, tundu ambalo nimeishi nalo kwa amani kwa muda mrefu, sasa likawa linapokewa rasmi mbele ya waume tisa. Niliikunja soksi ili tundu liende chini ya unyayo, na kwa sababu hiyo nilitembea boti nzima kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha yakaja majaketi okozi. Akina mama walikataa kuyavaa kwa kuwa yanaficha sare; nahodha naye akakataa kung'oa nanga, na kwa hili ninamuunga mkono hadi leo. Tukavaa. Sare iliyotugharimu mwezi mzima wa kuzunguka kwa mafundi ikageuka kuwa ya rangi ya machungwa hata kabla ya picha ya kwanza.

Ndani ya ghuba ya Msasani nilikuwa bwana mkubwa. Maji yalikuwa tulivu, ngalawa zilikuwa zimelala, na nilianza kufikiri kwamba pengine nimeihukumu yoti kabla ya kuisikiliza. Tukaizunguka ncha ya rasi. Kusi lilikuwa linatungoja upande wa pili.

Sitaki kueleza mengi. Nitasema tu kwamba boti ya kitajiri hupanda wimbi kwa madaha na kulishuka kwa madaha zaidi, na ni yale madaha ndiyo yanayomaliza watu. Pantoni ni zito, husukuma maji na kupita zake, yoti huyabembeleza. Mishikaki mitatu midogo niliyopewa, ambayo kwa hesabu yangu ilikuwa na thamani ya miezi mitatu ya pantoni, ilianza kuuliza njia ya kurudi. Kijana wa boti alinishauri niende tezi, sehemu ya nyuma ya boti, ambako msukosuko ni mdogo. Nikaenda tezi, nikakutana na moshi wa injini. Mwenyekiti akanishauri niende omo, sehemu ya mbele, ambako kuna hewa safi. Nikaenda omo, nikarushwa kama chapati. Hatimaye nikajikuta nimepiga magoti chini kabisa, kwenye choo kidogo kinachonukia limau, nikiwa nimekumbatia kitu ambacho ufahari wake haukunisaidia lolote, na hapo ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza methali tuliyokaririshwa shuleni, kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, kule chini kabisa ndani ya chombo.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya jiji niliyoilipia niliisikia tu. Mume wa mweka hazina wa kikoba, mtu anayependa kipaza sauti kuliko chakula, alikuwa amejiteua kuwa mwongozaji, na sauti yake ilinifuata hadi chooni. Nilipanda juu kwa kitambo tulipofika mbele ya Coco Beach, nikiwa na matumaini kwamba harufu ya mihogo ya kuchoma itanirudishia uhai, lakini kusi hupuliza kuelekea nchi kavu, na harufu yote ilikuwa inapelekwa Mikocheni kwa watu ambao hawakuchangia hata senti. Niliwaona walaji ufukweni, wadogo kama sisimizi, wameketi kwenye viti visivyotikisika. Likaja Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu unaozidi kilomita moja, ambalo mwongozaji alilisifu kana kwamba yeye ndiye aliyemwaga zege. Ikaja Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, nikaitazama kwa hisia za mteja. Tulipoikaribia Ikulu nahodha alituomba tuweke simu chini, na yalikuwa mapumziko ya pekee tuliyoyapata kutoka kwa wapiga picha.

Halafu, baada ya nahodha kuzungumza kwenye redio na kuruhusiwa, tukaingia mlango wa bandari, na bahari ikanyamaza. Ilikuwa kama mtu amefunga bomba. Mwongozaji alieleza kwamba ndiyo sababu Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipachagua mahali hapa katika miaka ya 1860: mlango ni mwembamba, mawimbi hayapiti, na hata jina la jiji linataja salama. Tumbo langu likatulia. Nikainua kichwa, nikaviona vibanda vya Feri, nikayaona mapaa ya Kigamboni, nikaliona soko la samaki na mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, nikagundua kwamba katika safari yote ya Sh 180,000, mahali pekee ambapo mwili wangu ulijisikia vizuri ni pale pale ninapovukia kila siku kwa shilingi 200.

Sikupata nafasi ya kulitafakari hilo, kwa sababu pantoni lenyewe lilikuwa linatujia, na nahodha wetu alipunguza mwendo ili kulipisha. Lilipita karibu kiasi kwamba niliweza kusoma maandishi ya fulana za watu. Abiria walianza kutupungia mikono na kupiga miluzi, wanakikoba nao wakapunga kwa ile staha ya watu wenye yoti, na mimi nikawa karibu nipunge, nilipomwona kwenye kingo, ameshika beseni lake la samaki, jirani yangu mkaanga samaki, mweka hazina wa mfereji.

Sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilijilaza chali kwenye kochi refu la sitaha, nikavuta kitambaa cheupe cha meza, nikajifunika kuanzia utosini hadi kwenye ile soksi yenye tundu, nikatulia tuli. Mke wangu, ambaye alidhani nimezidiwa tena, aliketi kando ya kichwa changu na kuniwekea mkono kifuani. Wenzake wawili wakaja kumliwaza. Chini ya kitambaa nilisikia makelele ya pantoni yakipungua, miluzi ikikoma, hadi ikabaki injini peke yake. Nikafurahi sana. Nilidhani wamechoka kupunga.

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda, kwa kuwa sasa kusi lilitusukuma kwa nyuma na boti ikawa inalala ubavu huu na kuamkia ubavu ule. Zaidi ya hapo kulikuwa na mgogoro wa jua. Tangazo la yoti lilikuwa limeonyesha watu wameshika glasi huku jua likizama baharini, na wanakikoba walikuwa wameinunua picha hiyo kwa fedha taslimu. Ikabidi mimi, kwa sauti ya mgonjwa, niwakumbushe kwamba Bahari ya Hindi kwetu iko mashariki, na kwamba jua la Dar es Salaam, hata ukilikodia meli, huzama nyuma ya majengo kuelekea Kibaha. Nahodha aliombwa ageuze boti mara tatu kutafuta pembe nzuri zaidi. Kila alipogeuza, jua lilikuwa pale pale nyuma ya maghorofa ya Masaki, likimalizikia kwenye matangi ya maji ya watu. Wote walikuwa wamelielekea hilo na simu zao juu, huku nyuma ya migongo yetu mwezi mpevu ukichomoza moja kwa moja kutoka baharini, mwekundu, mkubwa kama sinia la pilau. Niliuona mimi na kijana wa boti tu. Alinitazama, nikamtazama, hatukusema kitu.

Kwa kuzungukazunguka huko tulifika Msasani karibu saa mbili usiku, na bamvua, ambalo saa kumi lilijaza maji hadi ukingoni, sasa lilikuwa limeyarudisha kwao. Yoti isingeweza kusogea gatini. Tulishushwa kwa awamu kwenye kiboti cha mpira, na kiboti nacho kilipogota mchangani, watu waliolipa laki moja na themanini walipandisha suruali na magauni meupe, wakatembea kwenye tope la majani ya bahari hadi ufukweni, wakiongozwa na kijana aliyebeba kapu la viatu kichwani. Viatu vyangu vilikuwa vimeshachukuliwa na mtu mwenye haraka. Vilivyobaki vilikuwa vya mume wa mwenyekiti, ambaye ana miguu ya mtoto wa darasa la nne.

Mke wangu alibaki na wenzake kugawana picha. Mimi nilipanda bodaboda hadi Feri, nikapita getini nikichechemea, suruali yangu ikiwa nyeupe kuanzia magotini kwenda juu tu, nikasimama kwenye pantoni mahali pangu pa siku zote. Pembeni yangu, akiwa na beseni tupu, alikuwa jirani yangu. Alinitazama miguu, akanitazama uso, akaniuliza kama ninaendelea vizuri. Nikamjibu kwamba sasa nina nafuu.

"Afadhali wewe, shemeji," alisema, "maana leo nimeona jambo. Saa kumi na moja hivi ilipita hapa boti ya matajiri, wote wamevaa nyeupe, tukawapungia tukidhani ni harusi. Kumbe wamebeba maiti. Wameilaza juu, wameifunika shuka, na mjane amekaa kichwani, masikini, ameishika kifuani. Pantoni zima tulinyamaza. Watu walivua kofia."

Nilisema innalillahi. Sikuona neno jingine linalofaa.

"Nasi hatukuwa na la kufanya," akaendelea, "tukapitisha beseni humu humu kwenye pantoni, angalau tuwape wafiwa rambirambi. Imepatikana elfu ishirini na tatu, lakini boti ile ilishaondoka, na hakuna anayejua msiba uko wapi."

Nilimwambia kwamba kama ni kwa ajili ya kuifikisha, mimi ninaifahamu ile familia.