Mtani wa jadi afuatwe kwake

Desemba 2015 nilikata tiketi ya bonanza la mpira wa kikapu katika ukumbi wa Wells Fargo, hapa Des Moines. Tiketi moja, mechi mbili, vyuo vikuu vinne vya jimbo la Iowa, Marekani: Iowa wenyewe, Iowa State, Northern Iowa na Drake. Bonanza hili lilianza mwaka 2012 na likachezwa kila Desemba hadi 2018. Jimbo hili halina timu ya NBA, kwa hiyo vyuo ndiyo Simba na Yanga yetu, na wazo la kuwakusanya wote chini ya paa moja lilinivutia sana.

Kilichonishangaza ni mapumziko kati ya mechi. Safu nzima za mashabiki zilisimama, wakavaa makoti, wakaondoka. Timu yao ilikuwa imemaliza kucheza, basi. Wengine wakaingia wakiwa na rangi nyingine, wakapanguza viti, wakakaa. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, amevaa zambarau ya Northern Iowa toka kofia hadi soksi, alibaki peke yake kwenye safu yake kama dakika kumi hivi, akitazama watu wakipishana. Tuliambiwa ni sherehe ya jimbo zima. Mimi niliona harusi mbili zilizokodi ukumbi mmoja.

Halafu Northern Iowa wakatoka nyuma na kuwafunga Iowa State 81 kwa 79. Iowa State ile ilikuwa miongoni mwa timu kumi bora nchini. Yule mama alilia. Kisha akashuka ngazi kwenda kutafuta gari, kwa sababu Cedar Falls, mji wa Northern Iowa, uko zaidi ya kilomita 160 kutoka hapa. Ushindi mtamu kuliko wote wa mwaka dhidi ya mtani wa jadi, na mji wenye timu ulikuwa umelala.

Hapo ndipo ninapogombana na mabonanza haya. Kabla ya 2012, Iowa na Iowa State walikuwa na desturi ya kupanda basi kwenda kwa hawa wadogo, Northern Iowa na Drake: mwaka huu kwako, mwakani kwangu. Bonanza liliifuta safari hiyo. Wakubwa waliacha kwenda Cedar Falls kwa sababu eti wameshakutana nao Des Moines. Na wakubwa hao hao, wakicheza wao kwa wao, hawakuhamia uwanja huru, usio nyumbani kwa yeyote, hata mara moja. Iowa na Iowa State waliendelea na utaratibu wao, zamu ya Iowa City, zamu ya Ames. Uwanja huru walitengewa wadogo tu.

Mwezi mmoja kabla ya mechi ile, North Carolina walikuja Cedar Falls. Ndiyo, North Carolina, timu namba moja nchini wakati huo. Nyota wao Marcus Paige ni mzaliwa wa Marion, Iowa, na kocha wake alitaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho acheze karibu na nyumbani. Paige alikuwa amevunjika mkono na hakucheza, lakini timu ilikuja hivyo hivyo, ikaingia McLeod Center, ukumbi wa watu kama 7,000, ikafungwa 71 kwa 67. Timu ya pwani ya Atlantiki iliona inafaa kuja, na jirani wa jimbo moja akaona ni mbali.

Sitaki kuwa mkaidi. Bonanza lina hoja zake, na nzuri kuliko zote ilionekana kule Indiana. Vyuo vya Indiana, Purdue, Notre Dame na Butler vilikutana hivi hivi mjini Indianapolis kuanzia 2011 hadi 2021. Mwaka 2012 Indiana walifika wakiwa namba moja nchini, na Butler wakawafunga 88 kwa 86 katika muda wa nyongeza. Kikapu cha mwisho alikifunga Alex Barlow, kijana aliyejiunga na timu bila ufadhili wa masomo. Je, angekifunga Assembly Hall, ukumbi wa Indiana wenyewe, mbele ya watu 17,000 wote wa Indiana? Sijui, na kwa siku kama ile naelewa kwa nini mnyonge huupenda uwanja huru.

Ila mnyonge huyo alipewa uwanja huru badala ya nyumba yake, na siku wakubwa walipochoka aliachwa hana vyote viwili. Ligi ya Big Ten, wanayocheza Iowa, ilipoongeza mechi zake za ndani hadi 20 msimu wa 2018/19, nafasi kwenye ratiba zikabana na bonanza la Des Moines likafa. Hakuna aliyesema basi turudi kwenye zamu zetu za zamani. Mwaka 2025 Drake walimaliza msimu na ushindi 31, wakafungwa mara 4 tu, wakawatoa Missouri kwenye mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Katika ratiba yao ya msimu huo Iowa hawamo, Iowa State hawamo. Msimu ulipoisha, Iowa wakaja kumchukua kocha wao. Njia ya kuja Drake waliijua, kumbe.

Wakubwa husema kwenda ugenini kwa mdogo hakuna faida. Kwa vigezo vya NCAA vyenyewe, si kweli. Kumfunga kwake mpinzani aliye nafasi ya 60 kunahesabiwa daraja la kwanza. Ukimfunga huyo huyo nyumbani kwako, au kwenye uwanja huru, unashuka daraja la pili. Anayeogopa kwenda anaogopa kufungwa. Aseme hivyo.

Mimi ningeridhika na kidogo. Kila mwaka, mmoja wa wakubwa aende kwa mmoja wa wadogo, zamu kwa zamu, Desemba, mitihani ikishaisha. Bonanza libaki likitakiwa, lakini juu ya hilo, si badala yake. Ningeanza na Iowa State kwenda McLeod Center, Jumamosi usiku, na yule mama wa zambarau aende ukumbini kwa miguu.