Mwani wa samadi: muuzie mwenye kitalu, achana na dizeli

Mwenye shimo la samadi akisikia habari za mwani, ile mimea midogo ya majini inayokua kwa rutuba ya samadi, cha kwanza anachouliza ni dizeli ya mafuta yake. Marekani serikali iliifukuzia hiyo dizeli tangu 1978 hadi 1996. Mafuta yalipatikana, bei ndiyo haikushikika. Mwani unaoelea bwawani ni kama nusu gramu kwa lita, kwa hiyo kilo moja kavu ni kuchuja lita 2,000. Hesabu inafia hapo.

Wenye akili, kwa maoni yangu, ni watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland. Hawakuchuja kitu. Waliotesha mwani wa nyuzi juu ya wavu, kwenye sakafu ya plastiki yenye mteremko wa asilimia 1 au 2, pampu ikizungusha maji na samadi ya ng'ombe iliyotoka kwenye mtambo wa biogesi ikiongezwa kidogo kidogo kila siku. Kila wiki unakwangua. Unatoka kama nywele zilizolowa. Ukizembea hadi wiki ya pili, viluwiluwi vyekundu vya visubi vinautafuna, utando unabanduka na kuziba pampu.

Kosa ghali liko kwenye pH, kipimo cha ukali wa maji. Jua likiwaka, mwani hunyonya hewa ukaa majini, pH inapita 9, amonia, yaani naitrojeni ya samadi, inageuka gesi. Ukipima, naitrojeni imepungua, unashangilia ukidhani mwani umeila. Kumbe imepeperuka, na iliyobaki inauunguza mwani. Pima pH saa nane mchana, si asubuhi.

Sasa pesa. Chukulia gramu 15 kavu kwa mita ya mraba kwa siku. Mita 100 zinatoa kilo 45 kwa mwezi, na kwa naitrojeni ya asilimia 7 hiyo ni kilo 3 na ushei: sawa na kilo 7 za urea! Ukiuza kwa bei ya naitrojeni, umeme wa pampu unakumaliza. Lakini mwani uliokaushwa na kusagwa huachia rutuba polepole. Beltsville waliuchanganya kwenye udongo wa miche ya matango na mahindi, ikakua sawa na ile ya mbolea ya dukani. Basi mteja wako ni mwenye kitalu, anayenunua udongo kwa mfuko.

Kuuzia watu wale, kama spirulina, mwani wa kuliwa? Hata kidogo. Mwani hukusanya metali, na ng'ombe wakioshwa kwato kwa sulfati ya shaba, shaba hiyo huishia shimoni. Maabara ipime shaba na zinki kabla hujafunga mfuko wa kwanza.