Faili la tar linabebeshwa lawama isiyo yake peke yake

Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data inayotumika sana kwenye Linux, kumefichwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia kompyuta), na tangu hapo waandaaji wengi wa vifurushi vya Linux wanashauri tuachane na mafaili ya tar yanayotolewa na miradi (chanzo cha programu kilichofungwa pamoja katika faili moja), tuchukue chanzo moja kwa moja kwenye hazina ya git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko. Hoja yao ina uzito. Skripti ya build-to-host.m4 iliyoamsha shambulio wakati wa kujenga programu ilikuwamo ndani ya tar lakini haikuwamo kwenye git, kwa hiyo aliyepitia mabadiliko ya git mstari kwa mstari asingeiona kamwe.

Ushahidi huohuo, hata hivyo, unapaswa kusomwa hadi mwisho. Sumu yenyewe, yaani msimbo wa shambulio, ilifungwa ndani ya mafaili mawili ya majaribio, bad-3-corrupt_lzma2.xz na good-large_compressed.lzma, na yote mawili yalikaa hadharani kwenye git kwa zaidi ya mwezi mmoja. Hayakushukiwa, kwa sababu maktaba ya kubana data ni lazima iwe na sampuli mbovu za kujipima nazo, na hakuna anayeweza kusoma baiti zilizobanwa kwa macho. Freund naye hakuugundua mlango huo kwa kusoma tar wala git. Aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kwenye mashine ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kumechelewa kwa takribani nusu sekunde, akafuatilia hadi akafika kwenye liblzma, maktaba ya xz. Mshambuliaji, aliyejiita Jia Tan, alikuwa na ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye git na ruhusa ya kutoa matoleo, zote mbili alizozipata kwa kazi ya muda mrefu iliyoonekana njema. Nakubali kwamba angelazimika kuweka kila kitu kwenye git, angekuwa rahisi zaidi kuonekana. Lakini mtu mwenye subira ya miaka angeweza pia kuandika ile mistari michache huko na kuipa maelezo ya kuaminika, na jambo hili watetezi wa git hulipita haraka mno.

Wanalolisahau zaidi ni kazi ambayo faili la tar limeifanya kimya kimya miaka yote hii: kubaki vilevile. Katika Debian, faili la .dsc, lenye maelezo ya kifurushi, huandika namba ya SHA-256 (namba ya uhakiki inayobadilika baiti yoyote ikibadilika) ya orig.tar, yaani tar asilia ya mradi, na kutiwa saini, hivyo atakayekijenga upya kifurushi hicho baada ya miaka kumi ana uhakika kwamba baiti alizonazo ndizo zilezile. Tarehe 30 Januari 2023 GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za git, ilibadilisha namna ya kubana mafaili ya tar ambayo huyatengeneza yenyewe kutokana na git. Yaliyomo hayakuguswa hata kwa herufi moja, lakini namba za uhakiki zilibadilika, ujenzi wa programu ukakwama katika miradi mingi, na kampuni ikalazimika kurudisha utaratibu wa zamani. Uzito pia si jambo dogo kwa anayelipia bando: tar ya kernel (kiini) ya Linux iliyobanwa kwa xz ni takribani MB 140, wakati historia yake yote ya git inazidi GB 1. Ni kweli kwamba git huruhusu kuchukua toleo la mwisho pekee, bila historia, ila anayefanya hivyo ameiacha ileile historia aliyoahidiwa kuikagua.

Kasoro ninayoiona iko kwenye vitu vinavyoongezwa ndani ya tar baada ya kutoka kwenye git, hasa skripti ya configure inayoandaa ujenzi wa programu, ambayo zana za Autotools huizalisha ikiwa na maelfu ya mistari. Ukiifungua tar ya namna hiyo na kuilinganisha na git kwa amri ya diff, skrini hujaa tofauti halali, na tofauti moja haramu hupotea katikati yake. PostgreSQL, mradi wa hifadhidata anaoufanyia kazi Freund mwenyewe, umeliondoa tatizo hilo bila kuiacha tar: kuanzia toleo la 17 la mwaka 2024, tar yake hutengenezwa kwa amri ya git archive na kubeba kile tu kilichomo kwenye git. Gharama yake ni kwamba anayejenga anahitaji kuwa na zana za Bison, Flex na Perl, ambazo mwandaaji wa vifurushi anazo tayari kwenye mashine yake.